Jibu kwa msomaji: vihisi vya mfereji, kompyuta ya banio, na nani ashike ufunguo

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Namalizia mradi wa mwaka wa mwisho. Tunafunga vihisi 200 hivi vya kina cha maji kwenye mifereji ya skimu ya mpunga huku Mbarali. Kila kihisi kina chipu ndogo ya ATmega328P na redio ya LoRa, inayofika mbali kwa umeme kidogo. Kuna pia mageti sita ya mfereji yenye mota. Vyote vinawasiliana na Raspberry Pi iliyofungwa kwenye kibanda cha banio (lango kuu la maji), nayo hupeleka data kwenye seva ya wingu kwa mtandao wa simu, ambao hukatika mara kwa mara. Msimamizi wangu anataka uthibitishaji mwepesi unaotumia kompyuta za ukungu (fog), yaani zilizo karibu na vifaa. Nimesoma makala nyingi zenye itifaki (taratibu za mazungumzo kati ya vifaa) za XOR na heshi, yaani hesabu nyepesi za kuchanganya biti na kuzisaga zisirudishike, kila moja ikijisifu kuwa nyepesi kuliko iliyotangulia. Nichukue ipi? Na ile Raspberry Pi niiamini kiasi gani?"

Marahaba. Naanza na swali lako la pili, kwa sababu la kwanza linalitegemea. Iamini kompyuta ya banio kwa kazi ya leo, usiikabidhi siri ya kudumu. Ukishakubali hilo, uchaguzi wa itifaki unakuwa mwepesi, na zile makala za XOR karibu zote unaweza kuziweka kando bila kupoteza kitu.

Kwanza tuulizane nani ana sababu ya kudanganya. Kina cha maji si siri. Yeyote anayepita ukingoni anaweza kuchovya fimbo akapima. Lakini namba hiyo ndiyo inayoamua zamu. Mwenye majaruba ya juu atanufaika mfumo ukiamini kwamba kwake maji hayajafika. Mwenye majaruba ya chini atanufaika geti likifunguka usiku. Kuna kijana mwenye kompyuta ndogo na redio ya LoRa ya bei nafuu anayeweza kurekodi pakiti za jana na kuzirusha leo. Kuna mwizi anayetaka paneli ya sola na kuondoka na kila kilichofungwa nayo. Na kuna mtu ambaye wanafunzi wengi humsahau: yule mwenye nywila halali ya kompyuta ya banio, anayeweza kuombwa na jamaa zake abadilishe namba mbili tatu kabla hazijapanda kwenye wingu. Hao ndio wapinzani wako. Kwa hiyo unachohitaji zaidi si kuficha data, ni kujua nani ameituma, kwamba haijaguswa, na kwamba ni ya sasa. Usimbaji fiche ongeza ukipenda, ila usiufanye ndiyo kiini.

Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilivamia kamera na ruta kwa makundi kwa kujaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani zipatazo 60 tu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuizidi nguvu kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mwezi uliofuata shambulio la aina hiyohiyo lilielekezwa kwa kampuni ya simu nchini Liberia. Hapakuwa na hesabu ngumu iliyovunjwa. Vifaa vingi vilikuwa na siri moja. Mwaka huohuo Eyal Ronen, Adi Shamir na wenzao walionyesha jambo linalokuhusu zaidi. Kwa kupima umeme unaotumiwa na taa ya Philips Hue walipata ufunguo uliolinda programu yake ya ndani, na kwa kuwa taa zote za aina ile zilitumia ufunguo huohuo, waliweza kuziteka taa nyingine kwa mbali, hata kwa droni. Usimbaji wenyewe, AES, ulikuwa mzima kabisa. Basi kanuni yako ya kwanza iwe hii: kila kihisi kiwe na ufunguo wake, biti 128 za bahati nasibu, usiofanana na wa kingine chochote. Kihisi kimoja kikiibwa, umepoteza kihisi kimoja.

Sasa ukungu. Jina hilo lilienezwa na Flavio Bonomi na wenzake wa Cisco mwaka 2012, na mwaka 2018 IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, ikaupitisha muundo wake kuwa kiwango namba 1934. Maana yake kwako ni kwamba maamuzi ya haraka yafanyike karibu na vifaa, si kwenye seva iliyo mbali. Kwa skimu yako hili si mapambo ya makala. Mtandao wa simu ukikatika jioni, zamu ya maji haisubiri urudi asubuhi. Kompyuta ya banio lazima iweze kusema peke yake, "Hiki ni kihisi namba 47 cha kweli, na hii ni pakiti mpya." Hapo ndipo wengi wanapokosea: kwa kuwa inahitaji kuthibitisha bila wingu, wanaipakia funguo zote za vihisi vyote. Kisha kadi yake ya SD inachomolewa, inanakiliwa kwa dakika chache, inarudishwa, na hakuna anayejua.

Kabla ya kukuonyesha njia nyingine, tuseme kwa nini TLS yenye vyeti (ulinzi wa mawasiliano unaotumiwa na tovuti, ambapo utambulisho huonyeshwa kwa hati yenye saini ya kidijitali) haikufai kati ya kihisi na banio. Chipu yako ina kilobaiti 2 za kumbukumbu ya muda na 32 za programu. RFC 7228 (hati ya wataalamu wa intaneti) ya mwaka 2014, inayopanga vifaa dhaifu kwa madaraja, huweka daraja la 1 kwenye kilobaiti 10 hivi za kumbukumbu; wewe uko chini yake, daraja la 0. Hata ukiibana programu ikaingia, redio itakukwamisha. Kwenye LoRaWAN (kiwango cha mtandao wa redio za LoRa) ya bendi ya megahezi 868, kwa kasi ya chini kabisa, pakiti moja hubeba baiti 51 za data tu. Saini moja ya kidijitali ya ECDSA, aina inayotumika kwenye vyeti, ya biti 256 ni baiti 64. Saini peke yake, bila cheti, haiingii. Tuseme mazungumzo ya kufungua TLS yenye vyeti yanahitaji baiti 3,000: hizo ni pakiti 59, kila moja ikikaa hewani karibu sekunde 2.8, jumla sekunde 165. Kanuni ya Ulaya inayofuatwa kwenye bendi hiyo hukuruhusu asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kihisi kimoja kingetumia zaidi ya saa nne na nusu kusalimiana tu. Unavyo 200.

Kati ya banio na wingu, kinyume chake, tumia TLS ya kawaida yenye cheti kila upande. Raspberry Pi haina shida nayo. Angalia tu saa: Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 hazina saa yenye betri, na umeme ukirudi wakati mtandao haupo, huamka zikidhani ni siku iliyopita na vyeti vinaweza kukataliwa. Nunua moduli ndogo ya saa uifunge.

Hesabu ile ya redio ndiyo inayonifanya nisiridhike na makala nyingi ulizosoma. Zinapima wepesi kwa mikrosekunde za heshi: itifaki yangu ina heshi saba, ya yule ina tisa, basi mimi ni mwepesi. Tupime kwenye kifaa chako. HMAC-SHA-256 (muhuri unaotengenezwa kwa heshi na ufunguo wa siri) ya ujumbe mfupi kwenye ATmega328P huchukua chini ya milisekunde 50, chipu ikitumia miliampea kama 10. Pakiti ya baiti 18 kwa SF12 (kasi ya chini kabisa ya LoRa) hukaa hewani sekunde 1.3, na redio ya SX1276 kwa nguvu ya 13 dBm hutumia miliampea 29. Kutuma pakiti moja kunakula betri zaidi ya mara 50 ya kuipigia muhuri. Kupunguza heshi mbili hakukupi kitu. Kupunguza ujumbe mmoja wa kwenda na kurudi kunakupa miezi ya betri. Na ukiweza kuweka minara ili vihisi vitumie SF7, iliyo ya kasi zaidi, badala ya SF12, pakiti hiyohiyo inashuka hadi milisekunde 51 hewani. Fundi wa antena atakuletea wepesi kuliko mwandishi yeyote wa itifaki.

Kisha kuna usalama wenyewe. Zile itifaki za XOR zina magonjwa yanayojirudia. Moja: siri inafunikwa kwa XOR na thamani ileile katika jumbe mbili, na anayesikiliza akizipiga XOR zenyewe kwa zenyewe kile kifuniko kinatoweka. Jingine ni la kupotezana hatua: kihisi na seva hubadilisha jina la siri kila kikao, mshambuliaji anaziba ujumbe wa mwisho, upande mmoja umebadilisha na mwingine haujabadilisha, na kihisi hakitambuliki tena mpaka mtu apande baiskeli akakiwashe upya. Kwa redio ya LoRa iliyo uwanjani, ujumbe wa mwisho utapotea hata bila mshambuliaji, mvua inatosha. Usiniambie makala ina uthibitisho wa kihisabati ukaishia hapo. Needham na Schroeder walichapisha itifaki yao mwaka 1978, ikasomwa na mabingwa wa fani, ikafanyiwa uthibitisho wa kimantiki, na ilikuwa 1995 Gavin Lowe alipoonyesha kwamba toleo lake la funguo za umma linaruhusu mtu wa kati kujifanya mwingine. Miaka 17, kwa itifaki ya jumbe tatu. Ukibuni chako, kiandike kwenye ProVerif au Tamarin, programu za bure za kukagua itifaki, uache mashine itafute njia ya kukipenya. Msimamizi wako atafurahia sura hiyo kuliko jedwali la mikrosekunde.

Sasa njia ninayokushauri. Wazo lake ni la zamani. Kerberos, mfumo wa uthibitishaji wa chuo kikuu cha MIT, umejengwa juu ya ndugu yake tangu miaka ya 1980. Kila kihisi kina ufunguo mzazi, unaojulikana na kihisi chenyewe na seva ya wingu tu. Kompyuta ya banio haiuoni kamwe. Wingu huchukua ufunguo mzazi wa kihisi namba 47, na kwa HMAC huuchanganya na neno la kazi (linalotaja ufunguo ni wa nini), namba ya kompyuta ya banio, na namba ya awamu (kipindi cha matumizi ya ufunguo), tuseme awamu ya 12. Kinachotoka ni ufunguo mtoto. Huo ndio unaopelekwa banioni kupitia TLS. Kihisi hakitumiwi chochote: kikijua namba ya banio na namba ya awamu, kinapiga HMAC ileile na kuupata ufunguo mtoto chenyewe. Funguo watoto 200 za baiti 16 ni baiti 3,200. Mwenye nyumba humpa mlinzi ufunguo wa geti, hampi wa sanduku la hati. Nawe fanya vivyo hivyo. Kutoka kwa mtoto huwezi kurudi kwa mzazi, kwa kuwa HMAC haina mlango wa nyuma.

Pakiti ya kila siku ni hii: baiti 2 za namba ya kihisi, baiti 4 za kaunta (namba inayoongezeka kwa kila pakiti), baiti 1 ya aina ya ujumbe, baiti 3 za kina na hali ya betri, baiti 8 za muhuri. Jumla 18. Muhuri ni HMAC ya vyote vilivyotangulia kwa ufunguo mtoto, ukikatwa baiti 8 za mwanzo. Baiti 8 zinatosha; LoRaWAN yenyewe hutumia 4. Usisahau kuingiza ile baiti ya aina, na humo uonyeshe pia upande: kutoka kihisi kwenda banio si sawa na kutoka banio kwenda kihisi. Bila hiyo mtu anaweza kukirudishia kihisi ujumbe wake mwenyewe nacho kikauamini. Kompyuta ya banio hukagua muhuri, kisha hukagua kwamba kaunta ni kubwa kuliko ya mwisho, na huiandika kaunta hiyo kwenye diski kabla ya kuitumia data. Ikihifadhi kwenye kumbukumbu ya muda tu, umeme ukikatika pakiti za wiki iliyopita zitakubalika.

Kwa nini kaunta na si saa? Bodi ya Arduino Uno na ndugu zake nyingi huendesha chipu hii kwa resoneta ya kauri (kipande kinachopiga mapigo ya saa yake) inayoweza kupotea nusu asilimia, yaani dakika 7 kwa siku. Itifaki inayotegemea muda itakulazimisha urekebishe saa kila mara, na kila marekebisho ni pakiti, na pakiti ya kurekebisha saa nayo inahitaji kuthibitishwa. Kaunta haina matatizo hayo, ila ina lake. Ukiiandika kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) kila baada ya dakika 5, hayo ni maandiko 105,120 kwa mwaka, na EEPROM ya chipu yako imehakikishiwa maandiko 100,000. Vihisi vyako vingeanza kufa kabla ya mavuno ya pili. Fanya hivi: jitengee kaunta kwa mafungu ya 256. Andika kwenye EEPROM mwisho wa fungu, kisha tumia namba za fungu hilo kutoka kumbukumbu ya muda. Kihisi kikizimika katikati, kikiamka kianze kwenye fungu linalofuata. Unapoteza namba chache zisizo na thamani, na maandiko yanashuka hadi 411 kwa mwaka. Kilicho haramu ni kurudi nyuma. Ukitumia usimbaji fiche, kaunta iliyorudi nyuma hufichua data. Udhaifu wa KRACK ambao Mathy Vanhoef aliutangaza mwaka 2017 kwenye WPA2, ulinzi wa Wi-Fi, ulitokana na vifaa kulazimishwa kurudia namba ambayo ilipaswa kutumika mara moja.

Turudi kwenye kadi ya SD. Kompyuta ya banio ikiibwa, mwizi ana funguo watoto za awamu ya 12 na pengine ya 13, kwa kuwa nakushauri wingu liipe banio awamu inayofuata mapema ili mtandao ukikatika siku ya kubadilisha kazi isisimame. Wingu linafanya mambo mawili: linabatilisha cheti cha kompyuta iliyoibwa, na linaruka hadi awamu ya 14 kwa kompyuta mpya yenye namba mpya. Tangazo la awamu mpya hupigwa muhuri kwa ufunguo mzazi wa kila kihisi, hivyo mwizi hawezi kulitunga. Kompyuta mpya hulibeba tu. Kihisi hulipokea katika dirisha dogo la kusikiliza baada ya kutuma kipimo chake, sekunde moja au mbili, kama vifaa vya daraja A vya LoRaWAN vinavyofanya. Kisha hukumbuka kwenye EEPROM awamu ya juu kabisa iliyowahi kuona, na hakikubali ya chini. Hata kama hakuna wizi, badilisha awamu kila mwezi, na kila mara fundi wa nje anapoifungua ile kompyuta. Ukipata chipu ya usalama (kama TPM) ya kufunga funguo watoto ndani yake, ifunge. Hapo kadi iliyonakiliwa peke yake haitakuwa na faida.

Yule mwenye nywila halali je? Yeye haibi kitu, anabadilisha namba tu kabla hazijapanda. Ufunguo mtoto haumzuii, kwa sababu banio ndilo linaloukagua. Hapa ongeza pakiti moja kwa siku kwa kila kihisi: kina cha juu, cha chini na wastani wa siku hiyo, vikiwa na kaunta na muhuri wa ufunguo mzazi. Kompyuta ya banio haiwezi kuukagua wala kuutunga muhuri huo. Inaupeleka tu, leo au mtandao ukirudi. Wingu likiona wastani wa siku haulingani na vipimo vilivyofika, au pakiti ya siku haikufika kabisa, chama cha watumia maji kinaambiwa. Kwa gharama ya pakiti moja juu ya 288 za siku, mkulima wa mwisho wa mfereji anapata ushahidi ambao hakuna jamaa wa mtu anayeweza kuugusa. Kama kuna kitu kimoja katika jibu hili ningependa usikiache, ni hiki. Watu wamegombana na kuumizana kwa ajili ya zamu za maji, na mfumo unaosema namba bila kuweza kuzitetea utaongeza ugomvi badala ya kuupunguza.

Mageti yanahitaji ukali zaidi, na hapa kaunta haitoshi. Mwaka 2015 Samy Kamkar alionyesha kifaa alichokiita RollJam. Magari mengi hufunguliwa kwa rimoti zenye namba inayobadilika kila ukibonyeza. Kifaa chake kiliziba mawimbi ili gari lisisikie, kikarekodi namba, na kuitumia baadaye ikiwa bado haijawahi kupokelewa. Kwa gari ilikuwa mpya kabisa. Fikiria amri ya "fungua geti namba 3" iliyozibwa saa nane mchana ikarushwa saa nane usiku: kaunta yake ni sahihi, muhuri wake ni sahihi. Kwa hiyo geti lisikubali amri ambayo halijaiomba lenyewe. Kompyuta ya banio iseme ina amri. Geti lijibu kwa namba ya baiti 8 ambayo haijawahi kutumika. Amri irudi ikiwa na muhuri unaojumuisha namba hiyo. Na geti liisahau namba baada ya sekunde 30. Chipu yako haina chanzo cha kuaminika cha bahati nasibu, na kusoma pini isiyounganishwa hakukupi namba zisizotabirika. Chukua kaunta, ipige HMAC kwa ufunguo mtoto ikiwa na neno lake la kazi, kata baiti 8. Haitabiriki kwa asiye na ufunguo, na haijirudii. Mageti yana sola na betri kubwa, yanaweza kusikiliza muda wote. Gharama ya jumbe za ziada si kitu. Tena weka kikomo ndani ya geti lenyewe, kisichobadilishwa na amri yoyote ya redio: lisifunguke zaidi ya kiasi fulani, na lisikae wazi zaidi ya saa kadhaa bila amri mpya. Mwenye kompyuta iliyoibwa ataleta usumbufu, hataweza kuleta mafuriko.

Funguo wazazi ziundwe wapi? Mezani, kwa kompyuta yenye mfumo kamili, kwa chanzo cha bahati nasibu cha mfumo huo, na ziingizwe kwenye kihisi kwa waya kabla hakijatoka ofisini. Usizirushe kwa redio, na usiziunde ndani ya kihisi. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walichunguza funguo za umma zilizokuwa wazi kwenye intaneti wakakuta vifaa vingi, hasa vidogo visivyo na skrini, vimeunda funguo zinazofanana au zenye sehemu moja, kwa sababu vilipowashwa mara ya kwanza havikuwa na bahati nasibu ya kutosha. Usiunde pia ufunguo kutokana na namba ya kihisi na neno la siri lililo ndani ya programu. Hiyo ni siri moja kwa vifaa vyote imevalishwa nguo nyingine. Funga biti za ulinzi za chipu ili kuisoma kuwe kugumu, ukijua kwamba mwenye maabara ataisoma tu.

Pengine umejiuliza kama kuna kilichokwisha kutengenezwa. Kipo, na ukiweza kukitumia, kitumie. LoRaWAN kuanzia toleo la 1.0.4 ina karibu yote niliyoeleza: ufunguo mzazi hukaa kwenye seva ya kujiunga, seva ya mtandao hupewa funguo za kikao tu, na kaunta za kujiunga haziruhusiwi kurudi nyuma. ChirpStack, ambayo ni bure, huendesha seva ya mtandao kwenye Raspberry Pi yako hapohapo banioni. Chagua kujiunga kwa OTAA, ambako kihisi huomba funguo mpya za kikao, si ABP ambako funguo huwekwa mara moja na kihisi kikizimika kaunta huweza kuanza upya. Kwa mradi wa kukaa miaka ningekwenda huko. Kwa vifaa vyenye nguvu kiasi, kama ESP32 yenye kilobaiti 520 za kumbukumbu, tazama EDHOC, itifaki ya kukubaliana ufunguo, RFC 9528 ya mwaka 2024: jumbe tatu zenye jumla ya baiti 101 katika hali ndogo kabisa, kwa funguo za umma, na hata ufunguo wa kudumu ukivuja baadaye mazungumzo ya zamani hayafunguki. Njia yangu ya HMAC haina sifa hiyo ya mwisho. Kwa kina cha maji sijali. Ingekuwa vipimo vya wagonjwa ningekataa kuitumia.

Kuhusu Ascon (familia ya usimbaji fiche mwepesi), ambayo bila shaka umekutana nayo: ilibuniwa na Christoph Dobraunig na wenzake huko Graz, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikaichagua Februari 2023 kuwa kiwango cha vifaa dhaifu baada ya mashindano yaliyoanza na mapendekezo 57. Ni nzuri, nayo hufanya heshi na usimbaji kwa kiini kimoja, jambo linalokuokolea nafasi ya programu. Ukishamaliza toleo la HMAC unaweza kuibadilisha kwa Ascon bila kugusa muundo, na ulinganisho huo utakupa sura halisi ya majaribio kwenye ripoti.

Kwa majaribio yenyewe, chukua redio ya pili usiyoipa ufunguo wowote. Rekodi pakiti za siku nzima uzirushe kesho yake. Zima kihisi katikati ya fungu la kaunta ukiwashe. Chomoa kadi ya SD, inakili, washa kompyuta ya pili kwa nakala hiyo baada ya kupandisha awamu. Ziba amri ya geti, subiri dakika moja, irushe. Pandisha awamu huku vihisi kumi vikiwa vimezimwa, kisha uviwashe uone kama vinapata njia ya kurudi vyenyewe. Hilo la mwisho lifanye mapema, kabla hujafunga vihisi vyote 200, kwa sababu kosa la hapo hulirekebishi kwa mbali.